Ua la Kaburini kwa Papa

Liège, 4 Februari 1986

Maman mpendwa,
Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii ya Ubelgiji. Wewe na dada Nsimire hamjambo? Mimi sitakuficha: nina saratani ya damu. Nimelazwa tangu Noeli.

Usilie kabla hujamaliza kusoma. Jana nilimuuliza nesi dawa wanayonitia mshipani inatoka wapi. Akanionyesha picha ya ua la pinki. Maman, ni lile la kaburini kwa Papa, pale Gihundwe! Lile ulilonichapia nilipomchomekea Nsimire kichwani. Nilicheka hadi nesi akadhani ni homa. Nikakumbuka jiko lako na sambaza wako, wale dagaa wa ziwani kwetu. Samaki wa hapa hawanuki kitu.

Mwanao, Cirhuza

Kamembe, 10 Machi 1986

Mwanangu Cirhuza,
Sisi wazima wa mwili, ila moyo hauko mahali pake. Nililia kabla ya kumaliza, unisamehe.

Nilikuchapa kwa sababu mama yangu alinifundisha: ua la kaburini haliingii nyumbani. Sasa limeingia mpaka kwenye damu yako. Niliogopa sana. Kisha nikaenda kaburini kwa Papa yako, nikamwambia: “Mzee, mutoto yako iko mugonjwa, unipatie maua.” Nimeanika majani ya maua hayo, nakutumia. Chemsha, unywe asubuhi na jioni. Ya kwetu yana nguvu kuliko ya Wazungu.

Maman yako

Liège, 2 Juni 1986

Maman,
Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Nakuomba: usimpe mtu majani hayo anywe, wala wewe usiyaonje. Ni sumu. Wataalamu husaga magunia kwa magunia wapate dawa kidogo tu, na hata hiyo ikizidi huua.

Nesi alitaka kukitupa, nikamkatalia. Kiko chini ya mto wangu. Umekifunga kwa kikwembe chako cha njano cha kwenda misa, nacho bado kinanukia moshi wa nyumbani. Nywele zangu zimeisha, utanicheka. Daktari anasema tungoje.

Ukitaka kunisaidia, lipande ua hilo mlangoni petu. Nataka kujua kwamba limeruhusiwa.

Mwanao, Cirhuza

Kamembe, 15 Oktoba 1986

Mwanangu,
U hali gani? Barua yako haifiki. Karani wa posta hutikisa kichwa kabla sijamsalimu.

Majani yaliyobaki nimeyachoma. Ua nimelipanda mlangoni, mama yangu anisamehe huko aliko. Limechanua vizuri. Wapita njia wanasimama: “Maman Cirhuza, ni nani alikufa apa?” Nawajibu: “Hakuna mutu alikufa. Mupite.” Halafu naingia ndani, nalia. Niandikie, hata mstari mmoja.

Maman yako

Liège, 20 Januari 1987

Maman mpendwa,
Heri ya mwaka mpya, wewe na Nsimire. Nisamehe kimya changu. Dawa hiyohiyo ilinitia ganzi vidoleni, kalamu ikawa haishikiki, na sikutaka mkono wa mgeni ukuandikie.

Damu yangu imekuwa safi. Daktari alirudia mara mbili, maana mara ya kwanza sikumwamini. Mwezi wa nne nakuja. Unikaangie sambaza.

Na wakiuliza tena ni nani alikufa, waambie wangoje kidogo. Atakuja kuwajibu mwenyewe.

Mwanao, Cirhuza