Ya Tatu Kutoka Dirishani

Gilgil, Alhamisi mchana

Mama,

Nakusalimu sana. Goti linaendeleaje? Na mdogo wangu Nekesa, amepata usingizi kweli, na wageni wake wa posa wanakuja Jumamosi? Mimi mwili uko sawa, roho ndiyo haiko. Najua ungetaka nipige simu, lakini kwa simu utanikatiza kabla nimalize. Nitampa dereva wa shatoo, zile matatu za safari ndefu, karatasi hii akuletee hapo Webuye.

Niko shule moja hapa, waliniita nifufue kompyuta tisa kuukuu. Hizo ukiwasha unaenda kupika chai, unarudi bado zinafikiria. Dawa yake ni kutoa Windows yote na kuweka Linux, ile nyepesi, ambayo hata mashine ya zamani inaibeba. Shida ni kwamba ukiiweka, vilivyokuwa ndani vinafutwa. Ndiyo maana Mwalimu Chebet alichora msalaba wa chaki kwa moja, ya tatu kutoka dirishani.

"Hii usiguse kabisa," akaniambia. "Projekti za mtihani za kandideti wangu wote kumi na wanne ziko humu. Zinatumwa Jumatatu."

Jana nilizitoa zote nje kupuliza vumbi, hili vumbi jeupe la huku, kisha nikaenda kula. Kumbe Jumatano ni siku ya usafi! Wanafunzi wakaja na vitambaa vya maji, wakapangusa kila kitu, wakanirudishia mashine ndani vizuri kabisa. Nikarudi, chaki hakuna. Badala ya kuuliza, mimi na kichwa changu kigumu nikahesabu kutoka dirishani: moja, mbili, tatu. Nikairuka hiyo, nikafuta zile nane.

Leo asubuhi nimewasha ile niliyoiruka. Ndani ni barua za zamani za ofisi tu. Mwalimu ameikuta yake pale kona, ameijua kwa mkwaruzo wa mgongoni. Nilikuwa nimeifuta.

Mama, miaka yote uliyofulia watu nguo ulinifundisha kukagua mifuko kwanza, hata mwenye nguo akisema hakuna kitu. Dakika mbili tu ningefungua kila moja nikachungulia. Sikuchungulia.

Nilimwambia ukweli wote. Akakaa juu ya dawati. "Nasimiyu, sasa hawa watoto nitawaambia nini?" Hakupaza sauti. Afadhali angefoka.

Tumaini ni moja. Hii Linux ni ndogo, inakalia kipande tu cha diski. Kwingine vitu vya zamani bado vimelala chini, na vinaweza kutafutwa. Nimeitoa diski nikaiunganisha na laptopu yangu, na inatafuta sasa hivi ninapoandika. Imefika asilimia arobaini na imeleta picha za siku ya michezo peke yake. Kandideti wamejaa mlangoni wakichungulia.

Asilimia sitini. Projekti ya Kiprono imetokea! Wamepiga kelele mpaka deputy wa mwalimu mkuu akaja kuangalia. Sasa ziko tano. Nane.

Saa tisa na nusu. Imemaliza. Ni kumi na tatu.

Ya Wambui haipo. Linux yangu imekaa palepale ilipokuwa kazi yake. Amesoma orodha mara mbili, akasema polepole, "Madam, yangu haiko," utadhani yeye ndiye amekosa. Nimelia mbele ya watoto wa watu, Mama, na sikuona haya.

Kazi ya muhula mzima, na ana siku nne. Michoro yake iko kwa daftari, kwa hivyo tutaijenga upya. Kazi ni yake, atafanya mwenyewe, lakini sitamwacha akae peke yake na hizi mashine baada ya kumharibia kazi. Nitakuwa hapa mpaka Jumapili jioni.

Kwa hivyo Jumamosi sitafika. Nilimwahidi Nekesa kwamba mimi ndiye nitamshika mkono nimtoe mbele ya wageni. Shangazi Nafula amshike. Anikasirikie, ana haki. Mwambie mtoto wa mtu amepoteza kitu mikononi mwangu, na sikuweza kuvaa leso nicheke na wageni.

Nisalimie kaka Wafula, asisahau kumfungia ng'ombe. Nisalimie na mama jirani anayekuletea kuni.

Wambui amerudi na daftari. Amevuta kiti, anaiangalia kompyuta niliyomtengea lakini haiwashi. Ananiuliza, "Madam, hii uko sure haitapoteza tena?"

Ngoja nimkagulie tena.

Ni mimi bintiyo,
Nasimiyu