Kamba ya Pili

Fundi Lohay,

Shikamoo. Nimekaa muda mrefu na kalamu, na mkono haukutaka kuandika neno jingine kabla ya hilo.

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani nikaja moja kwa moja hapa ofisini Masakta. Unaijua ofisi yetu: chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, meza moja, viti vitatu, unga umetanda kila mahali. Kiti chako bado kipo. Mgeni akija hukikalia, nami namwacha, lakini hunichukua muda kuanza kumsikia anasema nini.

Huu ni msimu wa pili wa mahindi tangu tukuzike kwenu Nambis. Watu husema mwaka wa kwanza ndio mgumu. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na shughuli nyingi za kujibu maswali. Huu wa pili ndio unaoniuma, kwa sababu hakuna anayeuliza tena. Nakukumbuka nikisikia mtu anasaga mchanga chini ya kiatu. Nakukumbuka nikila kiazi kitamu kilichopoa, kwa kuwa hukukosa kimoja mfukoni mwa koti, na ulikuwa unanimegea nusu bila kuuliza kama nina njaa. Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na sketi nyeupe. Ulinitazama, ukatazama tope, ukasema, "Dada katibu, leo utakuwa mgeni wetu. Kesho uje kufanya kazi." Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nilikuja na gambuti za kaka yangu.

Wewe ndiye uliyenifundisha visima. Kwenye karatasi mimi nilikuwa kiongozi wako, katibu wa kikundi cha kujitolea cha watu saba, tunaofufua visima vilivyokufa ili wazee na shule wapate maji. Lakini huku nje mimi nilikuwa mwanafunzi. Ulinionyesha namna ya kusoma rangi ya udongo, namna ya kujua jiwe lililolegea kwa kuligonga na mwiko. Kabla mtu hajashuka, ulikuwa unashusha koroboi iliyowashwa. Ikizimika, hashuki mtu. Na wewe ukiwa chini ulikuwa unaimba nyimbo za kanisani, ili tulio juu tujue u mzima. Siku moja kule Gendabi mama mmoja wa wafugaji, aliyekuja na punda kuchota maji, aliinama mdomoni mwa kisima akauliza ni kanisa gani hili la chini. Ulicheka hadi ukashindwa kumalizia wimbo.

Fundi, nataka kukuandikia habari ya siku ile. Wewe ulikuwepo, lakini hukuona mwisho wake. Na kuna jambo ambalo sikukuambia.

Uliomba kamba ya pili. Uliomba mara tatu, nakumbuka zote. Mara ya mwisho tulikuwa hapa hapa mezani, naandika orodha ya vifaa. Ulisema, "Kamba ya kwanza ni ya kumshusha mtu. Ya pili ni ya kumrudisha." Niliiandika. Jioni, ulipokwisha kuondoka, niliifuta. Nilijiambia sisi si kiwanda, sisi ni watu wa kujitolea, kamba tunayo, kikundi kingine hata hiyo hakina. Nikaandika rangi ya kupaka kibao cha ufunguzi.

Hilo ndilo ambalo sikukuambia.

Siku ile pale Gendabi kisima kilikuwa na maji machafu na tope. Ulitaka tuyachote kwa ndoo, siku mbili. Mimi nilitaka mashine ya kuvuta maji, kwa sababu ufunguzi ulikuwa Jumamosi na wageni walikuwa wamealikwa. Mashine ikikaa juu haikuweza kuvuta maji kutoka chini kiasi kile. Nikasema tuishushe ndani ya kisima mpaka pale penye ukingo wa mawe, inywe maji kwa karibu. Ukasema, "Dada katibu, injini na shimo havipatani." Nami nikakujibu, Mungu anisamehe, "Ni nusu saa tu, Fundi."

Ilinguruma nusu saa. Tukaizima. Ukashusha koroboi, ikawaka vizuri kabisa mpaka chini, ukaitikia kwa kichwa. Ndipo Gidamis akashuka kukusanya tope, yule mfugaji jirani wa kisima, baba wa watoto wanne, aliyekuwa amejitolea kwa sababu ng'ombe wake nao wangekunywa pale. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, na haizimi taa. Koroboi yako haikukudanganya kwa makusudi, Fundi. Haikujua.

Gidamis aliita mara moja, kisha kimya. Hukusubiri. Ulishuka kwa vishikio vya ukutani, ukamfungua na kumfunga upya ile kamba kwapani, maana ilikuwa imemponyoka kiunoni. Ukapiga kelele, "Vuteni!" Tukavuta. Alipofika juu alikuwa amelegea kama gunia, macho yamefumba. Tulihangaika kumfungua ile kamba. Fundo lilikuwa limekaza kwa maji. Mikono yangu ilikuwa inateleza. Nilikuwa nakuita, "Fundi, imba! Fundi, imba!"

Hukuimba.

Tulipoitupa kamba chini haikushikwa. Nilitaka kushuka, mama yule wa punda, aliyekuwapo tena siku hiyo, alinikamata sketi kwa mikono miwili akaniangusha chini. Alisema kwa Kiswahili chake cha mkato, "Wewe hapana. Wawili basi." Zilipita saa mbili kabla hujatolewa. Sitaandika habari za saa hizo.

Baada ya maziko alikuja afisa wa kazi. Aliuliza kwa upole tu, "Hapa kwenu nani anahusika na usalama wa wafanyakazi?" Tukatazamana. Hatukuwahi kumchagua mtu. Tulikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, hata mtu wa kupokea wageni tulikuwa naye. Mwenyekiti alikuwa ametuita pembeni kabla, akasema tuseme fundi alishuka kwa hiari yake, ni ajali, ni mapenzi ya Mungu. Akaniambia mimi, "Marselina, ulimpenda yule mzee kama baba. Hakuna anayekulaumu." Na ilikuwa kweli, hakuna aliyenilaumu. Ningeweza kuishi hivyo mpaka leo.

Nilimwambia afisa, "Ni mimi. Mashine niliishusha mimi. Na kamba ya pili niliifuta mimi."

Aliandika. Akasema jambo ambalo halijaniacha: kwamba kujitolea si kibali. Mtu anayekufanyia kazi bila malipo, alisema, anakudai uangalifu uleule kama wa kulipwa, labda na zaidi. Kikundi kilisimamishwa miezi kadhaa, tukaonywa, tukaandikiwa ya kurekebisha. Niliposema nijiuzulu, afisa alinitazama akasema, "Na atakayekuja baada yako atajua unachojua wewe?" Nikabaki.

Lakini kwa afisa ilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa Nambis.

Nilikwenda kwa mama Paulina, mke wako, siku ya baridi, ukungu umekaa juu ya mashamba. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, tangu orodha mpaka fundo. Hakuinua macho. Mwishoni akauliza, "Alikuambia mchote kwa ndoo?"

"Aliniambia, mama."

"Na wewe?"

"Nilikataa. Nilikuwa na haraka."

Alichambua maharage mengine machache. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Nilikaa pale uani mpaka binti yenu Paulina alipotoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nenda tu. Basi litakuacha." Tangu siku ile mama hakunipokelea simu. Nilituma salamu kwa watu, hazikurudi. Sikumlaumu. Usiku na mchana nilimwelewa.

Gidamis aliishi, Fundi. Nilijua ungetaka kujua hilo kwanza, nikalichelewesha, nisamehe. Kichwa kilimuuma miezi mingi, na bado husahau vitu vidogo. Alipopata nguvu alitembea na mtamba mmoja mpaka kwenye barabara ya gari, akampakia, akamfikisha Nambis kwa mkeo. Nilisikia kwamba walikaa uani mchana kutwa, yeye na mama Paulina, wakizungumza machache kwa kuwa lugha zao hazikutani, na kwamba mtamba yule sasa anakamuliwa.

Hashuki tena kisimani. Lakini alirudi kazini. Nilimwambia nahitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusimama juu tu, asibebe ndoo, asipige soga, asishike simu, atazame aliye chini. Akasema, "Hiyo naiweza." Anasimama na fimbo yake kama anayelinda ng'ombe. Tuna kamba mbili na kapi la kupitishia kamba juu ya miti mitatu. Mashine haiingii kisimani, liwe liwalo. Kila asubuhi kabla ya kazi tunakaa dakika chache, kila mmoja anasema anachokiogopa siku hiyo. Mwanzoni watu walicheka, kwamba tumekuwa kikundi cha waoga. Na mtu yeyote, hata mpishi wa chai, akisema "simameni," tunasimama, halafu ndipo tunauliza kwa nini.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye shule moja karibu na hapa. Wageni wameshafika, viti vimepangwa, kwaya imevaa sare. Lilibaki jiwe moja la kuondoa chini. Nikakagua kamba ya pili, nikakuta nyuzi zimeanza kukatika. Nikasema hashuki mtu. Mwenyekiti alinivuta kando, jasho linamtoka. "Ni jiwe moja, Marselina. Dakika tano. Wageni wametoka mbali."

Fundi, nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya ile yake.

"Hashuki mtu," nikasema.

"Tangu Lohay afe umekuwa mwoga."

"Ndiyo," nikamjibu. "Nimekuwa."

Aliondoka kwa hasira. Wageni walikunywa soda, wakasikiliza kwaya, wakaondoka bila kuona maji. Siku tatu baadaye kamba mpya ilifika kutoka mjini, jiwe likatoka, maji yakaja, na hapakuwa na mtu wa kupiga makofi isipokuwa watoto wa darasa la pili. Mwenyekiti hakusema nami wiki mbili. Halafu siku moja akaweka kofia ngumu tatu juu ya meza yangu, akasema tu, "Zilikuwa zinauzwa," akatoka.

Ungecheka. Kila siku kuna jambo moja ambalo ungelicheka, na hakuna wa kumpelekea. Nikikuta udongo wa rangi nisiyoijua, nageuka kukuuliza. Bado nageuka, Fundi. Gidamis ameniona nikigeuka, na haniulizi.

Sasa sababu ya barua hii. Alhamisi iliyopita simu iliita, namba ya Nambis. Nilidhani ni Paulina. Alikuwa mama mwenyewe. Nikamwamkia. Hakunizungusha. Alisema kisima cha nyumbani, kile ulichochimba wewe mlipooana, kimeshuka maji tangu kiangazi, kinahitaji kuongezwa kina. Alisema mafundi wa huko wamemwambia ni kazi ya siku moja, wana mashine.

"Nimewakataa," akasema. "Nimesikia habari za ile shule. Nimesikia ninyi siku hizi mnachelewa."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Tunachelewa."

Kisha akasema, "Anayetaka kushuka ni mwanangu, mdogo wake Paulina. Nimeshindwa kumzuia. Kwa hiyo nataka wanaochelewa."

Nilikaa chini pale pale barabarani, Fundi, watu wanapita.

Hakusema amenisamehe, nami sitaliweka neno hilo mdomoni mwake. Amenikabidhi mwanao, na hilo ni zito kuliko msamaha. Tunakwenda Jumanne. Kijana wako ni mtu mzima sasa, ana mabega yako na ubishi wako. Nitamfunga mwenyewe, na nitalikagua fundo, na Gidamis atalikagua baada yangu. Tutachota kwa ndoo hata ikichukua wiki. Nimeshamwambia mama Paulina apike ugali wa siku nyingi.

Pumzika, Fundi Lohay. Ulizaliwa njiani, ndiyo maana wakakupa jina hilo, na ukafia kazini mbali na kwenu. Basi sasa tulia, upo nyumbani. Sikuahidi kwamba nitaacha kukuhitaji. Ninakuahidi hili moja: kila atakayeshuka nikiwapo mimi, mama yake atamwona jioni. Na kijana wako akitoka salama, nitamwacha anawe, ale, halafu nitakuja nyuma ya nyumba pale ulipolala, nikuambie maji yalikuwa na ladha gani.

Mwanafunzi wako,
Marselina