Kabla Hujaja Kumchukua Delbert

Laurel Fork, Kentucky
Jumatatu, mwanzoni mwa Machi

Dada yangu mpendwa Ova,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa barafu sasa linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa. Mimi sijambo, kwa kadiri ya umri wangu. Tangu mke wangu Hester aliponitoka nimejifunza kupika maharagwe bila kuyaunguza, ingawa mkate wa mahindi bado unanishinda, na majirani kwa huruma yao huniletea mtindi. Kwa hiyo usiwe na hofu juu yangu. Niwie radhi kwa mwandiko huu.

Ulinieleza kwa simu kwamba utafika Jumamosi kumchukua mdogo wetu Delbert akaishi nawe huko Ohio, na kwamba umekwisha kukipaka rangi chumba cha marehemu mwanao Lonnie kwa ajili yake. Nilikushukuru, nikakata simu, nikabaki nimeketi hadi moto ukazimika jikoni. Nilikuwa na neno la kukuambia nikashindwa kulitoa mdomoni. Bibi Whitcomb alitufundisha pale misheni kwamba habari nzito hupewa karatasi, ili anayeipokea aweze kuiweka chini na kuiokota tena. Nakuomba uisome hii yote kabla hujapanga mizigo.

Habari za kuagwa kwa Delbert bila shaka zimekufikia nusunusu. Chuo kiliamua kwamba baada ya miaka arobaini na moja ya kufundisha mpira wa kikapu, mchezo wa mwisho wa nyumbani ungekuwa wa kumuaga. Maneno yalikuwa matamu, lakini sababu kila mtu aliijua: akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Aliwaita vijana kwa majina ya baba zao. Mazoezini alimkaripia mmoja kwa kosa alilolifanya babu yake, na yule kijana, kwa adabu, akaomba msamaha.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Wewe hukuwahi kuingia humo tena baada ya msiba, kwa hiyo huenda umelisahau lile benchi. Ni benchi la toba la kanisa la Kibaptisti lililobomolewa kule kijitoni, lile ambalo wazee wetu walilipigia magoti na kulia hadi waokoke. Delbert aliliokota mwaka wa kwanza wa kazi yake akaliweka nyuma ya goli. Mchezaji aliyefanya kosa la kijinga alipelekwa pale katikati ya mchezo, na hakuruhusiwa kurudi uwanjani mpaka asimame, aungame kosa lake mbele ya umati, na umati umjibu "Amina!" Watu wetu walilipenda jambo hilo kuliko mpira wenyewe. Akina mama wenye bisi mapajani walikuwa wakipiga kelele, "Paza sauti, mwanangu, Mungu naye kazeeka!" Na kijana anaungama kwamba alipoteza mpira kwa sababu alikuwa akimtazama msichana wa safu ya tatu, na msichana anajificha uso, na ukumbi mzima unacheka hadi machozi. Nami nilicheka, Ova. Ilionekana kuwa mzaha wa nyumbani.

Basi usiku ule tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, na mpira tunao sisi. Ilitosha kuushika tu. Delbert akaruka kutoka kitini, akaunganisha mikono kifuani, akaomba muda wa kupumzika. Hatukuwa na muda wowote uliobaki. Alikwisha kuutumia wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwaita vijana na kuwaambia yaleyale. Hata mtoto wa milima hii anayejifunza kutembea anajua kwamba anayeomba muda asio nao huadhibiwa. Wageni wakapewa mitupo miwili, wakaifunga yote, wakapewa na mpira. Tukafungwa.

Sauti ya mwanamke ikatoka juu: "Kocha, benchi lako lile pale, babaangu! Halina mtu!" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Au benchi ni la watoto wa wenzio tu?" Mara ukumbi mzima ukawa unapiga miguu sakafuni na kuimba, "Benchini! Benchini!" Delbert aligeuka kuwatazama vijana wake, akitafuta ni yupi aliyekosa. Alipoona vidole vyote vinamwelekea yeye, alifunga vifungo vya koti lake, akaenda taratibu, akaketi. Nilidhani angefanya utani. Hobart Sizemore, ambaye unamkumbuka kama msaidizi wake tangu enzi za Lonnie, alimpelekea kipaza sauti huku akicheka.

Hapa ndipo ninapokuomba unisamehe, dada yangu, kwa kuwa siwezi kuyapunguza maneno haya bila kukudanganya.

Delbert alisimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ileile ya mahubiri ya utotoni mwetu kwamba kosa lake ni la Lonnie. Akasema mtoto alimjia mazoezini akamwambia, "Mjomba, kifua kinanibana." Naye akamjibu kwamba humu ndani hakuna mjomba, kuna Kocha, na kwamba azunguke ukumbi akikimbia mpaka alikumbuke neno hilo. Akasema, "Alikimbia. Nilikuwa nangoja aniite Kocha. Hakuniita." Halafu akainamisha kichwa.

Na ukumbi ukajibu, "Amina!"

Sitaki umchukie kila mtu aliyekuwamo. Nadhani wengi hawakuyasikia maneno. Walisikia tu sauti imekoma, wakajibu pale wanapojibu siku zote. Wengine walikuwa wakifuta machozi ya kicheko. Wakapiga makofi, na bendi ikaanza kupiga. Nilitazama huku na huku nikitafuta uso mmoja uliobadilika, na niliuona mmoja tu, wa Hobart, akimnyang'anya kile kipaza sauti.

Tuliambiwa mimi na wewe kwamba Lonnie alianguka akichezacheza na wenzake baada ya mazoezi, kwamba moyo wake ulizaliwa na kasoro, na kwamba Delbert alikuwa wa kwanza kumkimbilia. Uliishika mikono ya Delbert makaburini ukambusu, ukamshukuru kwa kuwa mwanao alifia kwa mjomba wake na si kwa wageni. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, na yeye alikuacha ukambusu.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Hobart. Mwanzo aliniambia, "Mzee Orville, ya nini kufukua? Delbert kachanganyikiwa, kesho atasema yeye ndiye aliyemuua Habili." Nilimwambia kwamba nimekuja kuketi na sitaondoka mpaka aseme. Ndipo akaketi akanieleza. Wenzake Lonnie walikwisha kwenda kunywa maji. Lonnie alibaki akizunguka. Alianguka mara ya kwanza akainuka. Waliporudi, wachezaji walikaa kwenye benchi wakimcheka na kumpigia kelele, "Sema Kocha, Lonnie! Neno moja tu, uende ukaoge!" Walidhani ni ukaidi, kwamba mpwa anamtunishia misuli mjomba wake. Hobart alisema yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Alisema Lonnie alikuwa akifungua mdomo kila alipopita mbele yao, na wao wakazidi kucheka, kwa kuwa hakuna sauti iliyotoka. Alipoanguka mara ya pili, Delbert alimwacha chini kwa muda, akisema asibembelezwe.

Nilimuuliza Delbert mwenyewe mezani, huku nikimkatia nyama. Alinitazama kwa upole akaniuliza nani alishinda jana.

Sasa mambo yake yako hivi. Nyumba aliyokuwa akikaa ni ya chuo, nao wanaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Kituo cha wazee cha kaunti kimejaa. Mimi nilimchukua kwa muda, lakini siwezi kumnyanyua anapoanguka bafuni. Juzi tulikaa sakafuni wote wawili hadi mleta barua akatusikia. Hakuna mwingine aliyejitokeza. Wale waliopiga miguu sakafuni wamemtumia keki. Nikisema usije, namtupa mdogo wangu. Nikisema uje, nakupa umlaze katika kitanda cha mwanao mtu aliyemnyima mwanao pumzi kwa ajili ya neno. Nimekaa na kalamu siku tatu nikitafuta njia ya kukuamulia, na naona sina haki hiyo. Ukiamua kutokuja, sitakuuliza, na sitamruhusu mtu yeyote wa ukoo akuulize.

Lakini ukija, jambo moja lazima ulijue kabla hujafika mlangoni. Delbert anajua kwamba unakuja, na anafurahi kama mtoto. Kila asubuhi huvaa koti akaketi karibu na dirisha. Atakutambua, atainuka, atakuita kwa jina lako la utotoni. Kisha atakuuliza kama Lonnie kifua kimepoa. Mimi hunijia na swali hilo kabla hata ya chai. Nimekuwa nikimjibu kwamba kimepoa, naye husema, "Basi leo apumzike. Mwambie mjomba wake kasema."

Niwie radhi, dada yangu. Wasalimie wote wa kanisani kwako, na Mungu akushike mkono huku ukisoma hadi hapa.

Ni mimi, kaka yako akupendaye,

Orville Amburgey