Kopo la Mwisho

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Nimekutumia mbegu za hapa kituo cha utafiti, ambazo ugonjwa wa michirizi hauziwezi. Panda mstari wa hizi, kisha mstari wa mahindi ya marehemu mama yaliyobaki koponi. Ya mama yakichanua, kata mbelewele zote, yale maua ya dume ya kileleni, kabla hayajamwaga chavua. Hapo yatazaa na haya yangu, na watoto wao wataustahimili ugonjwa. Tafadhali Baba, usifanye ya kwako. Msimu huu yakiugua tena, mahindi ya mama ndiyo basi.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama mwenyewe.

Kopo nimelimaliza lote shambani. Maua yalipotoka nilienda na kisu, nikasimama mbele ya mahindi ya mama yako, mkono ukagoma. Hata mwaka hajamaliza kaburini, leo nimkatie maua? Nimekata ya kwako, yote. Usininunie.

Baba yako

28 Agosti

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi nipo.

Nilinuna, tena sana. Kazini waliniuliza kama nimefiwa upya. Kisha hasira ikapoa, nikafikiri. Chavua ya mama imeangukia mahindi yangu, kwa hiyo mchanganyiko upo, ila umo kwenye mistari yangu. Ya mama yamezaa yenyewe kwa yenyewe. Na mimi, msomi wako, sikukwambia ubakize hata punje moja koponi! Ungenitii, kila punje yake ingekuwa chotara, na mbegu yake halisi ingepotelea mikononi mwangu. Nimelia, Baba.

Vuna kila mstari peke yake. Ya mama rudisha koponi. Ya mistari yangu panda msimu ujao.

Mwanao mkaidi, nimekurithi wewe

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, hata mgongo umenyamaza.

Ya jirani yamepauka kwa michirizi. Yetu, ya mbegu za ile mistari yako, ni kijani mpaka anakuja kuyashika majani, haamini. Kopo la mama yako limejaa tangu mavuno ya mwaka jana, maana ugonjwa haukuyamaliza, nalo liko palepale juu ya kabati.

Jana nilichoma hindi la kwanza. Nilipolitafuna tu, nikageuka kumwambia mama yako alete chumvi.

Kisha nikachoma la pili. Njoo, nimekubakizia mstari mzima.

Baba yako