Andika Jina Langu, Colombe

Kavumu, tarehe 4 mwezi wa pili 2023

Colombe mujukuu wangu,

Nakusalimia. Uko muzima? Sisi tuko, ni magoti yangu tu ndiyo yamekataa mupando. Francine dada yako anakusalimia. Mimba imefikisha miezi tano, anakula majani ya sombe mupaka sufuria inalia.

Gentil wa moto amefika na pikipiki yake, ameniletea barua yako. Nimeisoma mara mbili, maana masista walinifundisha miaka tatu tu, lakini ujinga naujua kwa kusoma mara moja. Uko unazalisha wamama pale maternite ya Kadutu tangu miaka sita. Leo universite inakuambia: endelea na kazi ile ile, tutakuangalia, kisha tutakupa diplome. Wakuangalie nini? Mikono yako ilifundishwa wapi, kama si kwangu?

Unasema kitabu ya stage, ya mazoezi ya kazi, lazima ijae: kuzalisha mara makumi ine, na kila mara sahihi ya mukubwa wako. Kitabu yangu mimi iko nje. Kila mutoto niliyepokea, kondo yake ya nyuma nimeizika chini ya mugomba, siku ile ile, kwa jembe yangu. Mugomba wako uko karibu na choo, sababu ulizaliwa na kelele. Hakuna mutu aliyenitilia sahihi.

Ni mimi koko yako,
Georgette

Kadutu, tarehe 26 mwezi wa pili 2023

Koko mupenzi,

Jambo sana. Pole kwa magoti. Mimi ni muzima, milima ya Kadutu tu ndiyo inanimaliza. Matusi yako yamefika yote, hakuna lililoanguka njiani.

Koko, si kuangaliwa tu. Maman Virginie, mukubwa wangu kazini, hatii sahihi kwa sababu mutoto amelia. Ananiuliza: kwa nini ulingoja? Kwa nini hukungoja? Nikikosa jibu, ukurasa unabaki mweupe. Miaka sita nilikuwa nafanya tu. Sasa ndiyo najua ninachofanya. Nimefikisha kuzalisha mara ishirini na sita. Mwishoni nitaandika taarifa moja, rapport, juu ya kuzaa kulikoharibika mbele ya macho yangu, nionyeshe kosa lilikuwa wapi. Bila rapport hiyo hakuna diplome.

Sasa neno lenye lilinitoa usingizi. Francine alipozaa mutoto wa kwanza alitoka damu nyingi, unakumbuka. Mutume kwangu mwezi wa tano, akae hapa, azalie maternite. Nakupigia magoti.

Mujukuu wako,
Colombe

Kavumu, tarehe 19 mwezi wa tatu 2023

Colombe,

Salamu. Hatujafa. Magoti usinipigie, haya yangu mawili yananitosha.

Damu ya Francine nani aliisimamisha? Ni Maman Virginie? Ni mikono hii. Atazalia hapa. Mugomba nimekwisha kuchagua, ule wa pembeni ya jiko. Nikimutuma kwako, wanawake wa huku watasema Georgette amekwisha, hata wajukuu wake hawamuamini. Ukitaka kumuona dada yako, kuja na kitabu yako. Nitakutilia sahihi mimi.

Koko yako,
Georgette

Kavumu, tarehe 30 mwezi wa nane 2023

Colombe,

Nakusalimia, hata kama hujibu. Hii ni barua ya tatu tangu tulimuzika Francine. Mutoto anakunywa maziwa ya kopo, anakamata kidole kwa nguvu. Hana jina bado.

Maman Virginie alifika kutupa pole. Nilifikiri ni mwanamuke wa kujivuna. Alikaa chini kwa mukeka, akamenya viazi pamoja na sisi, hakuniuliza kitu. Ni mimi nilimuuliza habari yako. Anasema kitabu yako imejaa, makumi ine zote, lakini rapport unakataa kuitoa, na mwisho ni mwezi wa kumi na moja. Kwa nini? Wewe si muvivu. Jibu.

Koko yako,
Georgette

Kadutu, tarehe 2 mwezi wa kumi 2023

Koko,

Salamu kwako na kwa mutoto. Sijui tena namna ya kukuuliza kama uko muzima.

Rapport niliandika, juu ya mwanamuke mwingine. Maman Virginie akanirudishia. Akasema, "Huyu umesikia habari yake. Yule uliyemuona ni dada yako."

Ni kweli. Nilikuwa mulangoni mwa maternite wakati mulimushusha kwa moto ya Gentil. Nilifanya yote niliyofundishwa, koko, damu haikusimama. Aliniambia, "Mutoto aitwe Georgette." Kisha akakata roho.

Nikiandika, jury, wale wa kutoa diplome, itaniuliza ni nani alimuchelewesha. Siwezi kukusimamisha mbele ya watu wale. Nitabaki bila diplome, nitafanya kazi kama zamani. Mutoto mumupe lile jina.

Mujukuu wako,
Colombe

Kavumu, tarehe 15 mwezi wa kumi 2023

Colombe mujukuu wangu,

Nakusalimia. Miguu ni mibaya, kichwa bado ni kizuri, na mutoto ameanza kucheka.

Acha kunifunika. Mimi si sufuria. Kamata kalamu, uandike hivi.

Mutoto alitoka saa ine ya asubuhi. Damu haikusimama. Francine akasema, "Koko, ita Gentil." Nikamuambia nyamaza, ile ya kwanza ilisimama, na hii itasimama. Nikatoka kwenda kuzika kondo. Nililima pole pole, nilikuwa naimba. Jirani alipita, nikasimama kumuonyesha mugomba. Niliporudi, mukeka ulikuwa umelowa mupaka chini. Saa sita ndipo nilimuita Gentil.

Njiani Gentil alitaka kusimama kwa hospitali ya karibu. Nikamupiga mugongoni: twende kwa Colombe! Nilitaka aibu yangu ibaki mu familia. Francine alikuwa kati yetu, kichwa chake kwa kifua changu. Hilo pia uliandike.

Na usiandike kwamba familia ilichelewa. Familia ni Francine, na yeye alikuwa anaomba moto ya Gentil. Andika: Georgette, koko yake.

Juzi Rosette wa jirani alikuja na mimba yake. Nilimufikisha barabarani mimi mwenyewe, nikamupandisha gari ya Bukavu, afike kwenu Kadutu. Akaniuliza, "Koko, umenichoka?" Nikamujibu panda, fundi iko kule. Ni wewe nilikuwa nasema.

Mutoto nimemupa jina la mama yake, Francine. Langu hatalibeba. Langu lina pahali pake mu rapport yako, uliandike na herufi zote.

Sahihi yangu ndiyo hii.

Koko yako,
Georgette