Askari Wanaotembea Sentimita Sita

Radom, Jumapili

Dada Kinga,

Kile kitabu cha kanuni za vita vya mezani, vya vijiaskari vya plastiki, ulichotuma kutoka Nottingham nimemtafsiria Babu chote, mimi huyuhuyu unayesema hata Kipolandi kinanishinda. Waliponifukuza shule walijikosesha bingwa.

Kuna kakosa kamoja tu. Kitabu kinasema askari aende inchi sita kila zamu, nami nikaandika sentimita sita, maana rula yetu haina inchi. Kumbe inchi ni ndefu mara mbili na nusu. Babu anachoka, tunacheza zamu moja kila jioni, na wiki ya pili hii majeshi hayajafikiana.

Jana nikamwambia, "Babu, nisahihishe tumalize?"

"Una haraka ya nini, profesa?" akasema. "Waache watembee."

Siku hizi anamaliza supu yake ya bitiruti, awahi mchezo. Daktari anasema Krismasi hatafika.

Zimebaki jioni nne majeshi yakutane. Anataka uwepo, ingawa hasemi. Njoo. Ukikawia, nitamtafsiria kanuni ya matope ambayo kitabuni haimo, waende sentimita moja moja.

Mdogo wako, mkali wa lugha,
Witek