Vichujio Vitano vya Sauti

Hamugembe, Jumamosi jioni

Kurasa mbili nzima, kuhusu vichujio vitano vya kidude changu cha sauti. Nimeandika kwamba kichujio cha pili ni kikavu, cha nne kina pumzi, na cha tano nimekipa alama za juu kwa namna kinavyobeba sauti ya kwanza ya kwaya.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi mlangoni. "Baba Koku, mbona sauti zote ni sawa?" Nikamjibu kwamba masikio yanahitaji mafunzo. Miaka kumi na mitatu nimekaa kwenye mitambo ya kwaya, nadhani najua.

Saa kumi na moja ndipo nikasoma maelezo ya hiki kidude kinachogeuza faili za simu kuwa sauti ya spika. Vichujio hufanya kazi pale tu uongezaji sampuli ukiwashwa: kidude kwanza kijaze vipimo vipya vya sauti katikati ya vile vya faili, ndipo kichujio kipate cha kulainisha. Mimi nilikuwa nimeuzima tangu asubuhi, eti sauti ibaki ya asili. Siku nzima nimelinganisha sauti ileile moja.

Nimeuwasha. Nikamwita mke wangu, nikamwekea kichujio cha kwanza halafu cha nne, wimbo wetu uleule, bila kumwambia kitu.

"Hapo sasa," amesema, kisu mkononi. "Mara ya kwanza kayamba zilikuwa zinachoma masikio. Sasa zimepoa."

Nimebadilisha tena mara tatu. Zote amepatia kipi ni kipi, huku anamenya.

Mimi sijasikia tofauti yoyote. Na kesho, ibada ya kwanza, anayepanga sauti ni mimi.